Sinia la Haboba pale Rejaf

Sisi tuliokulia Rejaf, kando ya mto, kabla kila mtoto hajawa na simu mfukoni, hatukulijua neno lishe. Mimi neno hilo nimelisikia uzeeni, hapa Juba, kutoka kwa binti mmoja Mkenya wa kliniki, na huyo binti nitamfikia. Sisi tulijua kula. Na tulikula, jamani! Kama wewe ni wa rika langu unajua ninachosema, na mate yameshaanza kukujaa mdomoni. Kama wewe ni kijana wa siku hizi, weka chini hicho kikopo chako cha kinywaji chenye picha ya radi, usikilize.

Shule mimi nilifika darasa la pili. Mwalimu alinichoka, nami nikamchoka. Kiswahili hiki nilikiokota Uganda tulipokuwa ukimbizini, magunia ya watu yakiwa mgongoni mwangu, na nikakinoa hapa Juba nikiwauzia unga Wakenya wa mahoteli. Leo nina mashine za kusaga pale Hai Jalaba na nyumba ya matofali New Site, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Sisemi hivi kwa kujisifu. Haya, kwa kujisifu kidogo. Lakini nataka mjue kwamba nguvu zilizobeba magunia yale hazikununuliwa dukani. Zilitoka katika jiko la bibi yangu, mama yake baba, ambaye tulimwita Haboba, kama watoto wa Juba wanavyowaita bibi zao.

Jiko lenyewe lilikuwa mawe matatu chini ya paa la nyasi lililogeuka jeusi kwa moshi. Alfajiri ulimsikia Haboba kabla hujamwona: jiwe juu ya jiwe, gru, gru, gru, anasaga mtama mwekundu aliouloweka na kuuacha uchachuke. Uji wake, madida, aliukoroga kwa maji ya ukwaju, ukali wa kukufumbisha jicho moja, kisha akaudondoshea mafuta ya lulu, yale ya kokwa za porini tulizookota wenyewe na kuzitwanga mpaka mikono ikauma. Mafuta yale ukiwa mgeni yanakunukia vibaya. Ukiwa wa nyumbani, yanakufanya ukimbie. Ukinywa kibuyu kimoja cha madida ile, unashinda mtoni unaogelea, unapanda kilima cha Rejaf mpaka kileleni na kushuka, unafinyanga ng'ombe wa udongo, unapigana na jirani, na bado una nguvu ya kurudi kumwomba Haboba msamaha kwa sababu jirani ameshakushitaki.

Mchana ndiyo ilikuwa asida. Ugali wa mtama, mweusi kama udongo wa kingo za mto, wa moto, unang'aa. Pembeni mlenda, sisi tunauita kudra, unaovutika kutoka kwenye sahani mpaka kidevuni. Siku nyingine kombo: majani ya kunde yaliyopikwa na karanga za kusagwa mpaka mafuta yanaelea juu. Siku nyingine kambale aliyekaushwa kwa moshi, ambaye harufu yake ilimrudisha nyumbani hata mtoto aliyekuwa amenuna. Mvua zikianza tulikamata kumbikumbi, tukawakaanga katika mafuta yao wenyewe. Simsim aliiponda na asali akatufinyangia mabonge. Wamundari walipopita na ng'ombe wao tulipata maziwa ya kibuyu yenye ladha ya moshi. Na jua likikaza, Haboba alichemsha karkade, yale maua mekundu, akayaacha yapoe kwenye mtungi mpaka ukinywa unasikia baridi inashuka kifuani. Watoto wa leo wakiwa na kiu wanakunywa rangi. Sisi tulikunywa maua.

Haboba hakuwahi kutuambia chakula kina nini ndani yake. Alituambia kinakwenda wapi. Mtama unakwenda kwenye magoti. Simsim inakwenda mgongoni. Samaki anakwenda kichwani, "na wewe Wani," aliniambia mimi, "kula wawili, maana kichwa chako kina nafasi kubwa." Kudra inakwenda tumboni kufagia. Karkade inakwenda kwenye damu. Tulimwamini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kubeba mtungi wa maji kutoka mtoni huku akitukana mbuzi njiani, na pumzi haikumwisha.

Sasa niwaambie juu ya sinia. Chakula cha watoto kiliwekwa kwenye sinia moja kubwa, chini, na sisi tukalizunguka: mimi, dada yangu Keji anayenifuata, na watoto wote wa baba zetu wadogo, magoti kwa magoti. Mkono wa kushoto unakaa juu ya paja. Unakula upande wako. Ukipeleka mkono upande wa mwenzako, Haboba anakupiga kwa mwiko, na mwiko wake ulikuwa wa moto. Nyama au samaki anakaa katikati, haguswi mpaka Haboba amgawe. Na ukijifanya umenuna, hukubembelezwa. Haboba alisema neno moja tu, kila siku lilelile: "Kula, ama wenzako wamalize." Na wenzako walikuwa wanamaliza kweli! Wanaume walikuwa na sinia lao upande wa pili wa ua, na mwanamume mzima hakai kwenye sinia la watoto. Hiyo ilikuwa sheria. Mgonjwa naye na mgeni waliheshimiwa kwa sahani ya peke yao. Hiyo nayo ilikuwa sheria, na ndiyo iliyotaka kutuulia Keji.

Surua ilipita Rejaf mwaka huo kama moto wa nyasi. Nyumba mbili za jirani zilizika watoto. Keji alikuwa mtoto wa kukimbia, mwembamba, mwenye kelele, ambaye hata wavulana wakubwa hawakumshinda kwenye kilima. Surua ikamlaza. Muuguzi wa misheni akaja akampa dawa, homa ikashuka, vipele vikakauka, tukasema kelas, yamekwisha. Hayakwisha. Surua iliondoka na tumbo lake. Hakutaka kula. Kila asubuhi alikuwa mdogo kuliko jana. Muuguzi akasema, "Dawa imefanya kazi yake. Sasa mtoto huyu ale. Asipokula, mimi sina lingine."

Baba alikuwa dereva wa lori mjini Juba, akirudi Jumamosi. Alimpenda Keji kuliko sisi wote, na sisi tulijua, na hatukuona vibaya, maana hata sisi tulimpenda hivyo. Jumamosi ile alishuka na furushi kutoka kwa wafanyabiashara wa Hai Jalaba: mkate mweupe, biskuti za bati, maziwa ya kopo, sukari imefungwa kwa karatasi ya buluu. Vitu vya watu wakubwa. Sisi watoto tulivinusa tu kwa mbali. Akamtandikia Keji mkeka wake chini ya ukuta, sahani ya bati yenye maua, kikombe cha chai nzito ya sukari, akatugeukia sisi na kidole: "Hiki ni cha mgonjwa. Nikimwona mtu hapa nitamvunja mguu!" Tukakimbia kwenye sinia letu.

Nakumbuka vizuri sana, kwa sababu nilikaa nikimwelekea. Keji alishika kipande cha mkate, akakiweka. Akachovya biskuti kwenye chai, ikayeyuka, akaiacha. Lakini macho yake yalikuwa kwetu. Alikuwa anafuata mikono. Mkono wangu ukienda kwenye asida, macho yanakwenda. Ukirudi mdomoni, yanarudi. Baba alikuwa anatazama sahani. Haboba alikuwa anatazama macho.

Jumatatu baba akarudi mjini. Jua lilipofika juu, Haboba alitandaza sinia kama kawaida: asida nyeusi, kombo, kambale katikati. Kisha akaenda kwenye mkeka, akamwinua Keji, mwepesi kama kapu tupu, akamketisha kati yangu na binamu yetu, akamwegemeza kwenye bega langu. Hakumwambia ale. Hakumtazama hata. Alitugeuzia mgongo, akaanza kugombana na moto: huu moto gani, hizi kuni nani amezileta, watoto wa nyumba hii wana laana gani! Mgongo wake tu tuliuona.

Sisi tukala. Nilisikia bega langu linasogea. Mkono wa Keji, mifupa tu, ukatoka, ukakata asida kidogo kama punje, ukachovya. Akameza. Binamu yangu, ambaye alikuwa mlafi na hakujua huruma, akapeleka mkono upande wa Keji kama alivyozoea. Na Keji, ambaye jana hakuweza kushika kikombe, akampiga mkono! "Upande wako!" Sauti kama ya paka. Haboba hakugeuka. Lakini ugomvi wake na moto ukaishia hapo.

Akala hivyo kila mchana, kidogo, kisha kidogo tena. Haboba akaanza kumwekea mafuta ya lulu zaidi upande wake, kwa siri ambayo sote tuliijua. Asubuhi madida, jioni bonge la simsim. Jumamosi baba akafika akiwa na mkate mwingine, akakuta mkeka mtupu na mgonjwa wake kwenye vumbi katikati yetu, mdomo mweusi wa asida, mlenda kidevuni. Baba alipiga kelele mpaka kuku wakaruka.

"Mama, unataka kuniulia mtoto? Nimeleta chakula cha hospitali, wewe unamlisha na hawa fisi?"

Haboba alikuwa anafuta mwiko. "Chakula chako kizuri," akasema. "Nimekiweka, kipo. Lakini wewe umempa chakula ukamnyang'anya watu. Mtoto huyu hajawahi kula peke yake tangu aachishwe ziwa. Anaona wenzake wako huku, yeye yuko kule na sahani ya mgeni. Anadhani ameshaanza safari."

Baba akasimama na mkate wake. Mtu mrefu, dereva wa lori, viatu vya ngozi. Haboba akamwonyesha kwa mwiko. "Kaa."

"Mama, hilo ni sinia la watoto."

"Na wewe mtoto wa nani? Kaa!"

Jamani, nilimwona baba yangu akivua viatu, akakunja magoti, akaingia kati yetu, mkono wa kushoto juu ya paja kama alivyofundishwa hapohapo alipokuwa mdogo. Akaumega ule mkate mweupe, akauweka kwenye sinia, upande wa kila mmoja kipande. Keji akachukua chake, akakichovya kwenye kombo, akala. Baba naye akakata tonge la asida. Kabla mvua za mwisho hazijaisha, Keji alinitangulia kilimani. Alisimama kileleni akanirushia vijiwe.

Sasa nije kwenye habari za leo. Mvua zilizopita nilianza kuishiwa nguvu. Mimi, niliyebeba magunia! Kizunguzungu kikanishika mashineni, mwanangu akanipeleka kliniki. Hapo ndipo nilipokutana na yule binti Mkenya wa chakula, mtoto mdogo tu, kasuka nywele vizuri, kalamu mkononi.

"Mzee wangu, sukari yako imepanda sana."

"Imepanda bila kuniuliza?"

Akacheka, lakini hakuacha. Akauliza ninakula nini. Nikamwambia: chai ya vijiko vingi, mandazi, mkate mweupe, soda ya mchana kwa sababu ya joto. Chakula cha mtu aliyefanikiwa, nikasema. Akauliza, na ulipokuwa mdogo ulikula nini? Nikamwambia yote, kuanzia madida mpaka kumbikumbi. Akaweka kalamu chini. "Mzee, rudi huko. Karibu yote hayo ndiyo nilitaka kukuandikia. Asali tu ndiyo tutaiacha, na hizi dawa umeze bila kukosa." Nilimpenda yule mtoto. Alijua kazi yake, na alijua kusikiliza.

Mkwe wangu Viola ni mwanamke wa heshima. Alifuata kila neno. Akanitafutia mtama mwekundu, kudra, samaki, karkade isiyo na sukari. Akaninunulia meza ndogo na kiti. Chakula changu kikaja kimefunikwa kwa kitambaa, na watoto wakaambiwa: "Msiguse, hicho ni cha Jidu," yaani mimi babu yao. Wao walikula chipsi sebuleni, kila mmoja na sahani yake, kila mmoja na simu yake, huyu anacheka peke yake, yule anacheka peke yake, kama watu waliorukwa na akili. Na mimi mezani kwangu, na kitambaa.

Sikuweza kula. Nilimeza matonge mawili nikafunika. Nikasema mtama wa siku hizi hauna ladha. Nikasema Viola anazidisha maji. Mkanda wangu ukaishiwa matundu, nikatoboa mengine kwa msumari. Mashineni sikuenda tena. Nilirudi kliniki, yule binti akanipima, akakunja uso. "Sukari imeshuka vizuri. Lakini unaisha, mzee. Chakula ni sawa, dawa ni sawa. Mbona huli?" Nikamwambia meno. Meno yangu ni mazima yote.

Viola ndiye aliyepiga simu Rejaf. Keji akaja na bodaboda, mwanamke mnene, mzee, mwenye sauti, furushi la kudra begani. Aliingia sebuleni akanikuta kwenye kiti changu, mbele ya kitambaa changu. Akasimama mlangoni.

"Nani amekufa hapa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi mbona Wani amewekwa kama mgeni?"

Hakungoja jibu. Ukutani kulikuwa na sinia kubwa la harusi ya mwanangu, limetundikwa kama pambo, limechorwa maua. Akalishusha, akalipangusa kwa kanga yake, akaliweka chini sakafuni. Viola akaja mbio na mikono yenye unga.

"Shangazi, tafadhali. Kliniki wamesema chakula cha baba kisichanganywe na chetu."

"Sawasawa," Keji akasema. "Tusikichanganye. Sote tutakula chake."

Ebu muone sura za wale watoto! Asida nyeusi ikageuzwa kwenye sinia, kudra, samaki katikati. Mjukuu wangu mkubwa Ladu akamwambia Keji, "Aa, Haboba, hii inavutika." Keji akamwambia, "Vuta." Simu zikawekwa juu ya ile meza yangu, zikafunikwa kitambaa. Mimi nikashuka chini. Magoti yalilia, kila goti na wimbo wake, lakini nikashuka, nikaweka mkono wa kushoto juu ya paja. Mkono haukuwa umesahau.

Keji hakunitazama. Alinipa mgongo, akaanza kugombana na jiko la gesi, hili jiko gani, nani huwasha moto bila kuni. Nikautambua ule mgongo.

Nilikata tonge dogo. Nikatafuna. Nikawa natazama mikono ya wale watoto, inavyokwenda na kurudi, mwanzo kwa woga, kisha kwa haraka, maana hata chakula unachokidharau huwezi kukiacha mwenzako akimalize. Ladu akamaliza upande wake. Akaangalia wangu, penye kipande kizuri cha samaki. Mkono ukaanza kuja.

Nikaupiga. "Upande wako!"

Watoto wakaangua kicheko, Ladu akapuliza vidole vyake, na mimi nilisikia njaa. Si ile ya kusema muda wa chakula umefika. Njaa ya Rejaf, inayoanzia magotini. Nikala mpaka chini ya sinia pakaonekana maua ya rangi, na nikauliza kama kuna mlenda umebaki.

Enzi zile hatukuwa na meza, wala kiti, wala kitambaa. Tulikuwa na mikono mingi hata hukuweza kuujua wako mpaka uhisi moto wa asida. Ile mikono sasa mingi iko chini ya udongo, mingine ilibaki Uganda haikurudi, na binamu yangu mlafi angetoa nini leo kurudi kunyang'anyana na sisi. Watoto wa leo wana kila kitu na kila kitu kina sahani yake. Mimi nilidhani kilichotulea ni mtama na lulu na kudra, na nilidhani kweli. Mtama ulikwenda kwenye magoti. Lakini lazima kwanza uingie mdomoni, na Haboba alijua kinachoupeleka.

Keji amerudi Rejaf. Sinia halijarudi ukutani. Jana mchana nilichelewa mashineni, nikafika mlangoni navua viatu, na nikasikia sauti ya Ladu kutoka ndani, mdomo umejaa: "Jidu, kula, ama wenzako wamalize!" Nilivua kimoja, nikaingia na kingine.